Johann Wolfgang von Goethe: Mshairi Aliyelisoma Jani

Utangulizi

Lipo swali ambalo humwandama mwanafunzi wa fasihi popote aendapo: elimu yake ina faida gani katika ulimwengu unaoendeshwa na sayansi? Huulizwa na jamaa zake nyumbani, huulizwa na wenzake wa vitivo vingine wakiwa kwenye foleni ya bwalo la chakula, na aghalabu hujiuliza mwenyewe usiku anapohangaika na tasnifu yake. Makala hii inanuia kulijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja.

Jina la mtu huyo si geni jijini Nairobi. Kituo cha utamaduni wa Ujerumani kimepewa jina lake, na wengi wetu tumewahi kuingia humo kutazama filamu au mchezo wa kuigiza bila ya kujiuliza mwenye jina alikuwa nani. Wanaomfahamu Johann Wolfgang von Goethe humfahamu kwa tamthilia yake ya Faust na kwa mashairi yake. Ni wachache wanaojua kwamba mtunzi huyu aliandika kitabu kidogo kuhusu majani, kwamba kitabu hicho kilikataliwa na mchapishaji wake mwenyewe, na kwamba miaka mia mbili baadaye wataalamu wa jeni waligundua kuwa wazo lake kuu lilikuwa sahihi.

Malezi na Ujana

Goethe alizaliwa tarehe 28 Agosti 1749 katika mji wa Frankfurt am Main. Wakati huo Ujerumani haikuwa dola moja bali mkusanyiko wa miji huru na himaya ndogondogo, kila moja na mtawala wake. Babake, Johann Caspar, alikuwa msomi wa sheria mwenye mali na maktaba kubwa. Mamake, Catharina Elisabeth, alikuwa binti wa ukoo wa viongozi wa mji huo. Mtoto alifunzwa nyumbani lugha kadhaa, muziki na uchoraji. Babake alimtaka awe mwanasheria, naye akatii: alisoma Leipzig kuanzia 1765 na kumalizia Strasbourg mwaka 1771. Hata hivyo, moyo wake haukuwa kwenye sheria. Huko Strasbourg alikutana na Johann Gottfried Herder, mwanafikra aliyemwelekeza kwenye nyimbo za watu wa kawaida na kwenye tamthilia za Shakespeare.

Mwaka 1774, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano tu, alichapisha riwaya kuhusu masaibu ya kijana Werther. Riwaya hiyo ilienea Ulaya nzima na kumpa sifa ambayo waandishi wengi huisaka maisha yao yote. Mwaka uliofuata alialikwa na Carl August, mtawala kijana wa himaya ndogo ya Weimar, naye akahamia huko. Hapo ndipo alipoishi hadi mauti yalipomfika.

Mtumishi wa Serikali

Huenda msomaji akadhani kwamba mtunzi huyo aliitwa Weimar ili akae kitako na kutunga mashairi. Sivyo. Alikabidhiwa usimamizi wa barabara, wa jeshi dogo la himaya, wa hazina, na wa machimbo ya Ilmenau. Kazi hizo ndizo zilizomfungulia mlango wa sayansi. Machimbo yalimlazimu ajifunze habari za miamba. Misitu ya himaya na bustani aliyopewa kando ya mto Ilm zilimfanya ajifunze habari za mimea. Alianza kutembea na vitabu vya Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa kuainisha mimea yote kwa kuhesabu sehemu za maua yake.

Goethe alimheshimu sana Linnaeus, lakini kadiri alivyomsoma ndivyo alivyozidi kutoridhika. Utaratibu wa Mswidi huyo ulitenganisha na kuhesabu. Goethe alitaka kujua kinachounganisha. Mhakiki wa fasihi ataielewa hali hiyo mara moja. Kuhesabu mishororo na mizani ya shairi ni kazi ya lazima, lakini anayekomea hapo hajasema lolote kuhusu jinsi shairi linavyokua kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Safari ya Italia

Kufikia mwaka 1786 shughuli za serikali zilikuwa zimemchosha, na kalamu yake ilikuwa imekauka. Mwezi wa Septemba aliondoka kisirisiri, akitumia jina la bandia, akaelekea Italia. Mwezi huohuo aliingia katika bustani ya mimea ya Padua, iliyoanzishwa mwaka 1545, akasimama mbele ya mti mmoja wa jamii ya mitende uliopandwa mwaka 1585. Mti huo ungali hai hadi leo na huitwa kwa jina lake.

Alichokiona hapo ni kitu ambacho mtu yeyote aliyelelewa pwani ya Afrika Mashariki amekiona mara nyingi bila ya kukitilia maanani. Mche wa mnazi unapochipua, majani yake ya kwanza huwa mapana na mazima, bila ya mpasuko wowote. Baadaye hutoka majani yaliyopasuka kidogo, na hatimaye kuti kamili lenye vijani vilivyoachana toka shina hadi ncha. Mti wa Padua ulikuwa na mfuatano wa namna hiyo: chini majani membamba yaliyo mazima, juu yake yaliyoanza kupasuka, na juu kabisa majani yaliyotandaa kama upepeo. Goethe alimwomba mtunza bustani amkatie jani moja la kila hatua, akayahifadhi baina ya makaratasi magumu, akasafiri nayo. Kwake yeye hayo hayakuwa majani tofauti. Yalikuwa jani moja katika hatua mbalimbali za kugeuka.

Wazo hilo halikumwacha. Mwezi wa Aprili 1787 alikuwa Palermo, kisiwani Sisilia, akipanga kutunga tamthilia juu ya Nausikaa, binti mfalme wa utenzi wa Homer. Asubuhi moja aliingia bustanini ili aendelee na utunzi, lakini mimea ilimpokonya fikra. Alianza kujiuliza kama katikati ya wingi ule hapakuwa na mmea mmoja wa asili ambao mimea mingine yote ni mageuzi yake. Tamthilia ya Nausikaa haikukamilika kamwe. Fasihi ilipoteza kazi moja siku ile, na elimu ya mimea ikapata swali jipya. Katika maandishi yake ya safari aliandika kwamba kila sehemu ya mmea ni jani.

Kitabu Kilichokataliwa

Goethe alirejea Weimar mwezi wa Juni 1788. Majuma machache baadaye, alipokuwa akitembea bustanini, alijiwa na msichana aitwaye Christiane Vulpius, aliyeleta ombi la msaada kwa niaba ya nduguye. Christiane alikuwa akifanya kazi katika karakana ya kutengeneza maua bandia. Wakapendana na kuishi pamoja; mtoto wao August alizaliwa mwezi wa Desemba 1789. Wakubwa wa Weimar walimbeza mwanamke huyo kwa kuwa hakuwa wa tabaka lao, na ndoa yenyewe haikufungwa hadi mwaka 1806.

Ni katika nyumba hiyo iliyosemwa vibaya ndipo alipoandika jaribio lake la kueleza mageuzi ya mimea. Kazi hiyo ina vifungu 123 vifupi. Hoja yake ni hii: jani la mbegu, jani la shina, kijani kinachofunika kichipukizi cha ua, petali, stameni yenye chavua, hata ganda la tunda, vyote ni kiungo kimoja kinachobadilika kadiri mmea unavyokua. Ushahidi wake alioutegemea zaidi ulitokana na kasoro. Alilitazama waridi la bustani lenye petali tele, akaona kwamba petali za ziada zimechukua mahali pa stameni. Alieleza pia waridi la ajabu ambalo katikati yake, badala ya kuzaa mbegu, lilitoa shina jipya lenye majani. Ikiwa kiungo kimoja kinaweza kurudi kuwa kingine, alisema, basi vyote viwili vina asili moja.

Alimpelekea kazi hiyo Göschen, aliyekuwa akichapisha maandishi yake yote ya fasihi. Göschen akaikataa. Ikabidi itolewe na mchapishaji mwingine, Ettinger wa mji wa Gotha, mwaka 1790. Goethe mwenyewe alisimulia baadaye jinsi hata marafiki zake walivyoipokea kwa ubaridi. Umma ulikuwa umemzoea kama mtunzi, nao ulimtaka abaki katika uwanja wake. Mwaka 1798 alijaribu njia nyingine: aliligeuza wazo lilelile kuwa shairi lililoelekezwa kwa Christiane, mwanamke aliyeyajua maua kwa kazi ya mikono yake.

Pingamizi la Schiller

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa mtunzi mwenzake. Mwezi wa Julai 1794, baada ya kikao cha chama cha sayansi huko Jena, Goethe na Friedrich Schiller walijikuta wakitoka pamoja. Mazungumzo yaliwapeleka hadi nyumbani kwa Schiller, na hapo Goethe akauchora mmea wake wa asili kwa mistari michache ya kalamu. Schiller alisikiliza, kisha akatikisa kichwa. Kwa maoni yake, kilichochorwa hakikuwa kitu kilichoonekana kwa macho bali ni wazo tu. Goethe alikasirika, kwani aliamini kwamba alikuwa amekiona. Hata hivyo, mabishano hayo ndiyo yaliyozaa urafiki mkubwa kabisa katika fasihi ya Kijerumani, uliodumu hadi kifo cha Schiller mwaka 1805.

Haki itendeke: Schiller hakukosea. Goethe alikuwa ameona umbo likibadilika, lakini hakuwa na njia ya kuonyesha ni kitu gani kinacholibadilisha. Alidhani kwamba utomvu wa mmea huchujika na kusafika kadiri unavyopanda juu, na kwamba usafi huo ndio unaozaa ua. Dhana hiyo imetupwa. Aidha, mmea wa asili aliotarajia kuukuta bustanini haukupatikana. Wala hakuwa wa kwanza kuona uhusiano wa jani na ua. Caspar Friedrich Wolff alikuwa ametangulia mwaka 1759, na Goethe alipopata kuyajua maandishi yake alimkiri hadharani.

Jeni Zilivyolijibu Swali

Jawabu la pingamizi la Schiller lilichelewa kwa karibu miaka mia mbili. Mwaka 1991 Enrico Coen, aliyekuwa akifanya utafiti Uingereza, na Elliot Meyerowitz wa Marekani walichapisha muhtasari wa utafiti uliofanywa juu ya mimea miwili midogo, mmojawapo ukiitwa Arabidopsis. Kama Goethe, walianza na maua yenye kasoro. Tofauti ni kwamba wao waliweza kuifuata kila kasoro hadi kwenye jeni iliyoharibika.

Ua la kawaida lina mizunguko minne: sepali, ambavyo ni vile vijani vya nje, petali, stameni, na katikati kapeli zinazobeba mbegu. Watafiti hao walionyesha kwamba mizunguko hiyo hutawaliwa na makundi matatu ya jeni, waliyoyapa herufi A, B na C. Kundi A likifanya kazi peke yake huzaa sepali. A na B kwa pamoja huzaa petali. B na C huzaa stameni. C peke yake huzaa kapeli. Jeni hizi hazijengi kitu zenyewe. Kazi yake ni ya unyapara: hutoa protini zinazoshika sehemu maalum za DNA na kuziamuru jeni nyingine zifanye kazi au zinyamaze.

Kundi C likikosekana, A huchukua nafasi yake. Stameni hugeuka petali, na katikati, badala ya kapeli, huanza ua jingine ndani ya ua. Hapa msomaji atalikumbuka waridi la Goethe. Makundi yote matatu yakikosekana, mizunguko yote minne huota viungo vinavyofanana na majani. Na mwaka 2001 watafiti walifaulu kuifuata njia hiyo upande wa pili: waliziamsha jeni za ua ndani ya majani ya kawaida ya Arabidopsis, na majani yakageuka petali. Lile ambalo Schiller aliliita wazo sasa liliweza kushikwa kwa mkono.

Umbo la jani lenyewe nalo limepata maelezo. Kwenye ncha ya shina kuna kikundi cha seli changa kinachodumishwa katika uchanga wake na jeni ziitwazo KNOX. Jani huanza pale ambapo jeni hizo zinazimwa. Katika mimea mingi yenye jani zima, hubaki zimezimwa; katika mnyanya huwaka tena ndani ya jani changa, na jani hilo hugawanyika likawa na vijani vingi. Mwaka 2014 ilibainika kwamba Arabidopsis una jani zima kwa sababu ukoo wake ulipoteza jeni iitwayo RCO, ambayo hupunguza ukuaji ukingoni mwa jani na hivyo kuacha mapengo. Ndugu yake wa karibu, Cardamine hirsuta, bado anayo, na majani yake yamegawanyika. Jeni hiyo iliporejeshwa katika Arabidopsis, ukingo wa jani ulianza kuingia ndani na kutoka nje.

Hata mfuatano wa majani katika umri wa mmea umeanza kueleweka. Yeyote aliyewahi kuotesha maharagwe ndani ya mkebe alipokuwa shule ya msingi ataukumbuka: majani mawili ya kwanza ya kweli huwa mazima, na yanayofuata huwa na vijani vitatu vitatu. Katika mimea kadhaa iliyochunguzwa, umri hupimwa na molekuli ndogo iitwayo miR156. Huwa nyingi mmea ukiwa mchanga, kisha hupungua. Inapopungua, jeni nyingine hupata nafasi ya kufanya kazi, na majani hubadilika sura.

Ni vyema pia tukiri kwamba maumbile hayakufuata njia moja. Njegere hutumia jeni tofauti na za mnyanya katika kuligawa jani lake. Mnazi, pamoja na mti ule wa Padua, huwa na jani lililo zima tangu mwanzo, likajikunja kama nguo iliyopigwa marinda, kisha likaachana kwenye mikunjo. Kwa hiyo mti uliomzindua Goethe hauelezwi na jeni za mnyanya. Wazo la kiungo kimoja lilisimama. Njia za kukigeuza zikadhihirika kuwa nyingi.

Miaka ya Mwisho

Mafanikio ya jani hayakumkinga Goethe na makosa kwingineko. Mwaka 1810 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu rangi, akipinga maelezo ya Newton kwamba mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi. Wanafizikia walimpinga, na walikuwa na haki. Alikiheshimu kitabu hicho hadi mwisho wa maisha yake.

Tangu mwaka 1817 alichapisha majarida juu ya elimu ya maumbo ya viumbe, elimu ambayo yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipa jina la mofolojia. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kutua kidogo. Istilahi tunayoitumia kila siku tunapochambua viambishi vya kitenzi ilianza katika uchunguzi wa mimea na wanyama, na mmoja wa walioianzisha alikuwa mshairi.

Christiane alifariki mwaka 1816. Mwana wao August alifia Roma mwaka 1830. Mzee huyo alivumilia, akaendelea kuandika. Mwaka 1831 alishirikiana na Frédéric Soret kutoa tafsiri ya Kifaransa ya kitabu chake cha mimea, na mwaka huohuo akaikamilisha sehemu ya pili ya Faust. Alifariki Weimar tarehe 22 Machi 1832 akiwa na umri wa miaka themanini na miwili, akazikwa karibu na Schiller.

Hitimisho

Maisha haya yasitufanye tudhani kwamba mtunzi anaweza kuingia katika sayansi bila ya kazi. Goethe alipata alichokipata kwa jani kwa sababu alilitazama kwa miaka, alikusanya mifano, na alizichukulia kasoro kuwa ushahidi. Kwa rangi alishindwa kwa sababu alikataa ushahidi wa wengine. Tofauti hiyo inatuhusu sisi sote tunaoandika tasnifu.

Lakini maisha haya yanatuonyesha pia kwamba ustadi tunaofundishwa katika idara zetu, ule wa kulitazama umbo na kuuliza limetokana na nini na linageuka vipi, si ustadi wa fasihi pekee. Göschen alidhani kwamba mshairi hana la kusema juu ya majani. Tutakapoulizwa tena kwenye foleni ya bwalo kwamba elimu yetu ina faida gani, tusione haya. Tumwoneshe aliyeuliza mche wa maharagwe, jani la kwanza na la tatu, kisha tumwombe atueleze anachokiona.